Nani Alishona Vazi la Ackerman?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Forrest J Ackerman, shabiki maarufu wa Marekani, alihudhuria mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, uliofanyika New York mwaka 1939, akiwa amevaa vazi la siku za usoni. Je, vazi hilo lilishonwa na nani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Lilishonwa na Myrtle R. Douglas wa Los Angeles, ambaye mashabiki wenzake walimwita Morojo, jina alilojipatia katika Kiesperanto, lugha ya kubuni ya kimataifa ambayo ndiyo iliyomkutanisha na Ackerman. Alitengeneza joho na suruali pana akifuata michoro ya Frank R. Paul, mchoraji wa majarida ya hadithi hizo, na filamu ya siku za usoni iitwayo Things to Come, kisha akajishonea na lake, wakaingia ukumbini pamoja. Inasikitisha kwamba sifa za siku ile zimemwendea zaidi mwanamume aliyevishwa kuliko fundi aliyemvisha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ushonaji si kazi yake kubwa kuliko zote. Mwaka 1939 yeye na Ackerman walianza kutoa Voice of the Imagi-Nation, kijarida kilichojaa barua za wasomaji, na ambacho kilifikisha matoleo 50 kabla ya kukoma mwaka 1947. Waliowahi kutumia mashine ya stensili shuleni au ofisini wanaijua shughuli yake: unapiga taipu juu ya karatasi yenye nta ili kila herufi iitoboe, ukikosea unaziba kwa dawa na kungoja ikauke, halafu unazungusha mkono wa mashine, wino upenye na kurasa zitoke moja moja, na bado kuna kupanga, kubana pini na kubandika stempu. Kwa jasho hilo, vijana waliotawanyika Marekani nzima, wengine wakiwa jeshini wakati wa vita, waliendelea kujibizana, kubishana na kufahamiana bila kuonana, na mimi ninayeishi kwa barua za wasomaji siwezi kuidharau kazi ya namna hiyo.

Morojo alikuwa pia na kijarida chake binafsi, Guteto. Alifariki Novemba 1964, akiwa na umri wa miaka 60.