Mchoro unabanduka rangi: tupake vanishi?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alituachia mchoro wa Tingatinga wa kwenye hadibodi, nao umetundikwa sebuleni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, tangu tukiwa wadogo. Sasa rangi inapasuka na kudondoka, hasa ukingo wa chini. Fundi wa fremu anashauri tuupige msasa kidogo, kisha tupake vanishi. Je, tumkubalie? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi fundi huyo asiuguse. Kilichosagwa na msasa hakirudi, na vanishi ikishapenya kwenye nyufa ni vigumu mno kuitoa bila kuidhuru rangi yenyewe.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, aliyefariki mwaka 1972 jijini Dar es Salaam, alichorea rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na wengi waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Rangi hiyo hukauka kwa kufyonza oksijeni na huzidi kuwa ngumu kadiri miaka inavyopita, ilhali hadibodi, ambayo ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, hunywa unyevu wa pwani ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa, na rangi iliyokwisha kukakamaa haiwezi kuifuata. Penye ukingo nyuzi ziko wazi, kwa hiyo hapo ndipo unyevu unapoingia kwa urahisi zaidi.

Usiku zima taa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga upite sambamba na uso wa mchoro: kila palipoinuka patatoa kivuli, hata pale ambapo mchana unaona pamelala. Wahifadhi, yaani mafundi waliosomea kutunza kazi za sanaa, nao huanza hivyo. Baada ya hapo hutumia taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo huifanya vanishi ya zamani ing’ae na viraka vya rangi vilivyoongezwa baadaye vionekane tofauti, na kifaa cha eksirei cha mkononi kinachotambua elementi zilizomo, kama vile titani au zinki katika rangi nyeupe, bila kukwangua chochote. Kipande kilichodondoka kina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Hugandishwa ndani ya resini, hukatwa na kung’arishwa, kisha hutazamwa kwa hadubini, matabaka yakaonekana moja juu ya jingine. Hapo hujulikana iwapo rangi imeachana na hadibodi au tabaka la juu limeachana na la chini, na gundi huchaguliwa kwa kufuata jibu hilo. Gundi hiyo hupenyezwa kwa brashi nyembamba chini ya rangi iliyoinuka, nayo huwa ya aina inayoweza kuondolewa siku za usoni.

Kwa sasa okota kila kipande ukitie kwenye bahasha, na uandike kimetoka upande gani. Uhamishie mchoro kwenye ukuta wa ndani, mbali na jua na jiko, ukiacha nafasi ya hewa nyuma yake. Usiufute kwa thina wala petroli, wala kwa kitambaa kibichi. Ukiusafirisha kwa mhifadhi, ulaze bapa ndani ya boksi, uso ukitazama juu, pamoja na ile bahasha.