Rails 7.0 juu ya JRuby: RAM, Puma na malipo ya M-Pesa

Ndugu, umeuliza kama mfumo wa tiketi wa sacco yenu, ulioandikwa kwa Rails (fremu ya Ruby ya kujengea tovuti), unaweza kuhamia JRuby (Ruby inayoendeshwa juu ya Java) kwenye seva ileile yenye RAM ya GB 1. Kuhamia unaweza, ila si kwa GB 1 ambayo PostgreSQL (hifadhidata yenu) pia inaigombania. Tafuta GB 2 au zaidi, uanze na `JRUBY_OPTS="-J-Xmx1g"`. Usiipe Xmx (kikomo cha heap, kumbukumbu ya data za programu) RAM yote: JVM (mashine ya Java inayoendesha JRuby) hutumia nafasi nyingine nje ya hapo, na ikizidi Linux inaiua.

Chukua JRuby 9.4, inayolingana na Ruby 3.1. JRuby 10 inadai Java 21. Kwenye Gemfile (orodha ya maktaba za mfumo) toa `pg`, kiunganishi cha PostgreSQL, weka `activerecord-jdbcpostgresql-adapter`, `'~> 70.0'`, hiyo 70 ndiyo Rails 7.0. Byebug (zana ya kusaka hitilafu) nayo itoke. Nokogiri na bcrypt zina matoleo ya Java, hazisumbui.

Puma (seva inayoendesha Rails) iache na `workers 0`, maana JRuby haina fork (kuzalisha mchakato mwingine kutoka ule uliopo). Tegemea thredi (nyuzi za kazi zinazoenda pamoja ndani ya mchakato mmoja), tuseme 16, na `pool` (idadi ya miunganisho ya hifadhidata) ya database.yml iwe 16 pia. Ikibaki 5, maombi yatapanga foleni sekunde 5 kisha yaanguke na `ConnectionTimeoutError`, nawe utailaumu PostgreSQL bure.

Sasa pesa za watu, na hapa nakusihi usiharakishe. Ruby ya kawaida huruhusu thredi moja tu kwa wakati iendeshe msimbo wa Ruby ndani ya mchakato mmoja, kwa kufuli maalumu. JRuby haina kufuli hilo. Jibu la M-Pesa likiingia mara mbili kwa pamoja, thredi zote mbili zinaweza kuangalia, zikakuta malipo hayapo, zikaandika: abiria mmoja, tiketi mbili. `find_or_create_by` (tafuta, usipokuta uunde) peke yake haikulindi. Weka indeksi ya unique (inayokataa thamani kujirudia) kwenye `CheckoutRequestID`, kitambulisho cha ombi la malipo, kisha udake `RecordNotUnique`, kosa linalotokea thamani ikijirudia. Usitegemee namba ya risiti, kwa sababu mteja akikataa kuweka PIN haiji kabisa.

Pitia pia `grep -rn '@@' app lib` (inatafuta vigeugeu vya klasi), na kila `||=` (weka thamani kama haipo) iliyo kwenye ngazi ya klasi. Vyote hivyo vinashirikiwa na thredi zote.

Kila ukiwasha upya, maombi ya kwanza yatakuwa mazito hadi JVM ikompaili sehemu zinazotumika sana. Piga kurasa za kukata tiketi kwa curl mara kadhaa kabla nginx (seva ya mbele inayopokea wateja) haijawaelekeza huko. Chaguo la `--dev` la JRuby ni la rake (zana ya kazi za amri) na konsoli tu. Ukiiacha kwenye Puma, umeizima ile kasi uliyoifuata.