Kilichonirudisha ni kitabu kizima

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, umewahi kupoteza hamu ya kusoma vitabu, na imani yako ilikuwa na mkono gani katika kuipoteza au kuirudisha? Kwangu ilikuwa na mkono pande zote mbili, ndiyo maana jibu langu limekuwa refu.

Nikiwa mtoto nilisoma chochote chenye maandishi. Nilipookoka nikaingia katika kikundi cha vijana wenye moto, na huko tukafundishwa kwamba riwaya ni kupoteza muda ambao siku moja tutautolea hesabu. Hakuna aliyechoma kitabu. Hadithi ziliachwa tu, zikafa kwa kutoguswa. Mahali pake nikasoma vya kunijenga: vitabu vya maombi, vya ndoa, vya uongozi, vya fedha, karibu vyote vikiwa na hatua saba. Baadhi yake vilinifaa kweli. Ila nilivisoma kama mtu anayepekua kabati akitafuta kitu alichotumwa, akishakipata, anafunga. Biblia nayo nikaizoea hivyo hivyo. Mstari wa kufundishia Jumapili, mstari wa kumtumia aliyefiwa, mstari wa siku unaoingia kwenye simu alfajiri, nauitikia amina na siku imeanza.

Hapo ndipo kusoma kulipokufa, na naona vipande viliua zaidi kuliko lile katazo la riwaya. Vipande hivi vina historia. Waandishi wa Biblia hawakuandika kwa sura na mistari. Sura tunazozijua huhusishwa na Stephen Langton, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya zilitoka kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Kazi njema, bila hiyo tungetafutana kanisani hadi jioni. Lakini namba iliyowekwa ili tupate mahali tumeigeuza uzio, tukadhani ujumbe unaishia pale inapoishia. Chukua Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani tunaopenda kuandikiana kwenye kadi. Mstari wa 10, ulio juu yake kabisa, unasema hayo yatakuja miaka sabini ya Babeli itakapotimia. Ni sehemu ya barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, na watu wazima wengi walioipokea wangezikwa uhamishoni. Au "Wewe uendako nitakwenda", tunaousikia harusini: ni maneno ya mjane kwa mama mkwe wake, njiani, wote wawili hawana kitu. Ukilijua hilo mstari hauharibiki. Unazidi uzito.

Mjane huyo, Ruthu, ndiye aliyenirudisha. Nilikuwa na zamu ya kuongoza somo la kitabu hicho, sura nne tu, na badala ya kuanza kwa kusaka "mafunzo matano" nikakisoma chote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti. Nilipofika ule usiku wa uwanja wa kupuria, Ruthu amelala miguuni pa Boazi, jamaa wa marehemu mumewe, naye Boazi anashtuka usiku wa manane na kuuliza huyu ni nani, nikajikuta naharakisha. Kisha anatajwa yule jamaa wa karibu zaidi, mwenye haki ya kwanza ya kukomboa, yaani kununua shamba la marehemu na kumwoa Ruthu, na moyo ukanidunda, mimi niliyejua mwisho wa kisa tangu darasa la watoto. Hamu hiyo niliifahamu. Ndiyo ile ya utotoni, ya kutaka kujua kitatokea nini, na sikutarajia kuikuta humo.

Nikaendelea na vingine kwa mtindo huo. Esta, ambacho katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, ni lazima ukisome chote ndipo kimya hicho kikufikie: mfalme anakosa usingizi usiku mmoja, anasomewa kitabu cha kumbukumbu, na njama ya kuliangamiza taifa zima inaanza kupinduka. (Nampenda mfalme huyu aliyesaidia kuokoa watu kwa kusomewa kitabu usiku, tena bila kukusudia.) Yona kinakatika kwenye swali la Mungu, na jibu la Yona hatupewi. Marko, katika nakala za kale zaidi, kinaishia kwa wanawake wanaokimbia kutoka kaburini, "maana waliogopa". Nilikuwa nimehubiriwa kutoka vitabu hivi vyote bila kujua kwamba vina miisho ya namna hiyo.

Kutoka hapo kwenda kwenye riwaya ilikuwa hatua fupi, lakini dhamiri ilinikamata mlangoni. Nikataka kujua kama wengine walipita hapo. Walipita. Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, anasimulia katika barua ya mwaka 384 hivi jinsi alivyojiona katika ndoto amesimamishwa mbele ya Hakimu. Akaulizwa yeye ni nani, akajibu ni Mkristo. Akaambiwa anasema uongo, yeye ni wa Cicero, yule mwandishi wa Kirumi, si wa Kristo, kisha akachapwa. Akaapa kutogusa tena vitabu vya kipagani. Ndoto hiyo ingetosha kumtisha msomaji yeyote. Ila maandishi yake ya baadaye bado yana manukuu ya waandishi wale wale, na mpinzani wake Rufino alipombana kwa kiapo hicho, Yeronimo alijitetea kwamba ile ilikuwa ndoto tu. Nilicheka, nikafarijika.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwangu ni Nathani. Daudi amemwua mtu na kumchukua mkewe. Nabii haji na Torati mkononi, anakuja na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi anaghadhabika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, ndipo anapoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kisa cha kubuni kilifika mahali ambapo hoja ya moja kwa moja ingeishia mlangoni. Na Paulo, akiwa Athene, anawanukulia wasikilizaji wake mshairi wa Kigiriki, Arato, kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu. Hukumbuki shairi ambalo hujawahi kulitegea sikio.

Ruhusa ikapatikana, uwezo ukawa umetoroka. Kurasa mbili, mkono unatafuta simu. Nilidhani ni ugonjwa wa kizazi chetu hadi nilipokutana na Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399. Anamchora mmonaki aliyelemewa na uvivu wa roho akiwa na kitabu: anapiga miayo, anafikicha macho, anakodolea ukuta, anafunua mbele kuhesabu kurasa zilizobaki, mwisho anakikunja kitabu na kukilalia kama mto. Huyo hakuwa na simu. Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki wa karne ya 6, nayo inaijua tabia hii. Sura ya 48 inatenga saa za kusoma kila siku, kisha inawatuma wazee mmoja au wawili wazunguke kuangalia kama yupo ndugu anayepiga soga badala ya kusoma. Na wakati wa Kwaresima kila mmonaki anapewa kitabu kimoja, akisome mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi kanuni hiyo nimeichukua, na kwa kuwa wazee wa kuzunguka sina, simu inakaa chumba kingine. Kusoma kwa sauti kunanisaidia kuliko mbinu zote. Yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa akisoma Isaya hivyo garini mwake, ndiyo maana Filipo alimsikia, akamuuliza kama anaelewa. Nimepata na rafiki wa kusoma naye. Yeye mashairi, mimi riwaya, tunabishana vizuri. Mashindano ya kumaliza vitabu kadhaa kwa mwaka siyapendi, na zile ratiba za kumaliza Biblia kwa mwaka zilinifanya karani wa kuweka alama za vema. Najua zimewafaa wengi.

Hapa naomba niwabishie kidogo wahubiri kuhusu Augustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale. Tunasimuliwa jinsi mwaka 386, bustanini Milano, alivyosikia sauti ya mtoto ikiimba "twaa, usome", akafungua nyaraka za Paulo, macho yakatua kwenye Warumi 13, akaongoka. Mahubiri huishia hapo, kana kwamba ni sifa ya kufungua Biblia kwa kubahatisha. Lakini mwenyewe anaeleza kwamba nyaraka hizo alikuwa akizisoma kwa bidii kabla ya siku ile, na kwamba akiwa na miaka 19 kitabu cha Cicero, mpagani, ndicho kilichomwasha kuitafuta hekima. Aya ya bustanini ilimkuta msomaji wa siku nyingi.

Sasa nikifungua riwaya sitafuti fundisho. Namwacha mhusika mbaya aseme hadi amalize kabla sijamhukumu, na zoezi hilo limehamia kanisani: mtu akinieleza shida yake sina tena haraka ya kumkatiza kwa mstari. Sijui kama hiyo ni kazi ya riwaya au ya Roho Mtakatifu, na sioni sababu ya kuwagombanisha. Zipo riwaya ninazozifunga katikati. Si kwa sababu zina dhambi ndani yake, maana Waamuzi 19 ina unyama kuzidi nyingi nilizosoma. Nazifunga pale ninapoona mwandishi anaufurahia ukatili wake.

Kwa anayetaka kuanza, ningesema Ruthu kwa kikao kimoja, kisha Esta, kisha riwaya yoyote aliyoiachia njiani zamani. Asianze na Mambo ya Nyakati cha kwanza. Sura tisa za mwanzo ni orodha za majina, na mimi na kanuni yangu yote ya kusoma mfululizo, kwa sauti, bado zinanishinda kabla sijafika kwa Sauli. Msomaji mwenzangu aliyezivuka akiwa macho aniandikie kupitia safu hii.