Kuhusu "kuningas" ya Kifini na "king" ya Kiingereza

Ndugu, umeuliza inakuwaje Wafini wamwite mfalme "kuningas" ilhali lugha yao haihusiani na Kiingereza, na kama neno hilo lina undugu na "king". Undugu upo.

Wanaisimu wameunda upya umbo la kale, la lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao: *kuningaz. Kinyota kinaonyesha kwamba halikukutwa limeandikwa popote. Limepatikana kwa kulinganisha lugha. Ndani yake mna *kunją, yaani ukoo, pamoja na kiambishi cha "mtu wa" au "mtoto wa". Wapo wanaolihusisha na kitenzi cha "kuweza", lakini maelezo ya ukoo yana nguvu zaidi.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na cyning, likafupika hadi king. Wajerumani wana König, Waholanzi koning, Waisilandi konungur. Sasa tazama ile s mwishoni mwa kuningas: ni alama ya z ya kale, ambayo Kiingereza na Kijerumani zimeshaipoteza! Wafini waliliazima zamani mno, wakalihifadhi karibu zima. Kirusi nacho kina knyaz, mtawala wa daraja la chini ya mfalme, na kwa Walithuania kunigas siku hizi ni padri.

Wagothi, watu wa kale ambao lugha yao ni ndugu ya Kijerumani, ndio wa ajabu: kwa mfalme, Biblia yao ya karne ya 4 haitumii neno hili bali þiudans, kutokana na neno la "watu" au "taifa".