Kisu kidogo cha kuwindia na cha kila siku

SWALI: Nataka kisu kimoja kisichokunjwa, cha kuchunia mnyama na cha kubeba kiunoni kila siku. Kiwe cha urefu gani, na chuma gani?

JIBU: Ubapa wa sentimita 8 hadi 10 unatosha hata kwa mnyama mkubwa. Kirefu zaidi ni vigumu kukiongoza ndani ya tumbo. Ncha hutoboa utumbo na nyama ikachafuka.

Unene ndio unaowaponza wengi. Hununua cha milimita 5 mgongoni wakidhani ndicho imara, kumbe hupasua badala ya kukata. Chukua cha milimita 2.5 hadi 3, ukinoe kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande.

Chuma cha kaboni hunoleka upesi, ila damu ikilala juu yake usiku mmoja, asubuhi unakuta madoa ya kutu. Kwa kubeba kila siku, kwenye jasho na mvua, sisi tungechagua chuma cha pua, kisichoshika kutu upesi, kama aina iitwayo 14C28N.

Hakikisha chuma kinapita hadi mwisho wa mpini. Vidole vyote vinne vienee, na pawe na kikingio mbele: mkono wenye mafuta huteleza kuelekea makali.

Ala nayo ijaribu. Igeuze juu chini karibu na meza, uitikise. Kisu kikichomoka, usiinunue. Ya ngozi hufyonza unyevu, kwa hiyo nyumbani kisu kikae nje yake, kikavu, kimepakwa mafuta kidogo.

Kabla ya kukivaa mjini, soma sheria ya unakoishi. Kwingine urefu wa ubapa una kikomo.