Mnajuaje sura ya zamadamu kwa mifupa mitupu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari, mkoani Mbeya. Kila nikifika mada ya chimbuko la binadamu, darasa linageuka bunge. Kitabu kina picha ya nyani anayeinuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu. Wanafunzi wanauliza: kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo? Na ninyi wataalamu mnajuaje kwamba mtu wa kwanza alikuwa na manyoya, rangi na pua kama ya kwenye picha, wakati mmeokota mifupa tu?

JIBU: Mwalimu, hilo swali la pili ni zito kuliko wanavyodhani. Nianze na la kwanza, maana ni fupi.

Nyani na sokwe wa leo hawakutuzaa. Sisi na sokwe ni kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo: babu yetu mmoja, na aliishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Nyani yuko mbali zaidi katika ukoo huo. Ile picha ya foleni ndiyo inayowapoteza wanafunzi, na kwa kweli ningekuwa na uwezo ningeiondoa vitabuni. Zamadamu, yaani watu wa kale na jamaa zao waliotembea wima, hawakupokezana zamu mmoja mmoja. Kando ya Ziwa Turkana, upande wa Kenya, zimepatikana nyayo za miaka milioni 1.5 iliyopita za aina mbili tofauti za zamadamu waliopita kwenye tope la ufuo uleule, pengine kwa tofauti ya saa au siku chache tu. Aina moja ilitoweka bila kuacha kizazi. Hiyo ndiyo jamii ya Zinjanthropus wetu wa Olduvai, aliyegunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959 na ambaye wanafunzi wengi hukariri kuwa ndiye babu yao. Si babu. Ni ndugu wa pembeni.

Sasa twende kwenye sura. Mfupa unaeleza mengi kuhusu yale yaliyoushika au kuusukuma, yaani misuli, uzito wa mwili na mwendo. Chukua fuvu la huyo huyo Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Utosini ana kishungi cha mfupa kilichosimama kutoka mbele kwenda nyuma. Mfupa wa namna hiyo huota pale ambapo misuli ya kutafunia ni mikubwa kiasi kwamba inapanda pande zote mbili za kichwa na kukutana juu. Magego yake ni mapana kupindukia. Kwa hiyo, mchoraji anapompa mashavu mapana na taya nene, hajabuni, mfupa umemwelekeza. Alichokula ni habari nyingine. Kwa miaka mingi alisemwa kuwa mvunja kokwa, lakini kemia ya meno ya jamii yake ikaonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya aina ya ndago.

Kutembea wima nako kunasomeka. Kwa anayesimama kwa miguu miwili, tundu ambapo fuvu hukutana na uti wa mgongo liko chini ya fuvu, wakati kwa sokwe limesogea nyuma. Mfupa wa paja nao huingia ndani kuelekea gotini, ili miguu ikae chini ya mwili. Zamadamu aitwaye Lucy, wa Hadar, Ethiopia, ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka 1974, ana goti la namna hiyo. Aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita, urefu wake ni kama mita moja tu na kidogo, na ubongo wa jamii yake haukufika hata nusu ya wetu. Yaani tulisimama kwanza, ubongo ukakua baadaye sana.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko Laetoli, kusini mwa Olduvai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu laini, mvua ya rasharasha ikayalowesha, wanyama wakapita, kisha majivu yakaganda kama saruji na kufunikwa na mengine. Matone ya mvua yaliacha vishimo vinavyoonekana mpaka leo, pamoja na nyayo za kanga, swala na tembo. Katikati yao wanapita zamadamu. Tazama unyayo mmoja: kisigino kimezama, na kidole gumba kimelala sambamba na vingine badala ya kuchanuka pembeni kama cha sokwe. Umri haukukisiwa kwa macho. Ndani ya miamba ya volkano, potasiamu ya aina fulani hugeuka taratibu kuwa gesi ya argoni kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo hupimwa ni kiasi gani kimeshageuka.

Baada ya hapo, mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kutilia shaka. Ncha ya pua, midomo, masikio na nywele haviachi alama ya kutegemewa kwenye fuvu. Wachoraji wawili wakipewa fuvu moja watatoa nyuso mbili, na hata weupe wa macho ni uamuzi wa mchoraji.

Rangi ya ngozi inakisiwa kwa njia nyingine. Sokwe wengi, hasa wachanga, wana ngozi nyeupe chini ya manyoya. Manyoya yalipopungua na jasho likawa njia ya kupoza mwili, ngozi ilibaki wazi kwa jua la kitropiki, na makadirio ya vinasaba vya watu wa leo yanarudisha ngozi nyeusi nyuma zaidi ya miaka milioni moja. Ngozi nyeupe ya Ulaya ni ya juzi tu ukilinganisha na hapo. Kwa hiyo kitabu kikimchora Homo sapiens wa kwanza, yaani mtu wa jamii yetu, akiwa mweupe, mwambie mwanafunzi achukue penseli arekebishe. Mabaki ya zamani zaidi yanayohesabiwa kuwa ya jamii yetu yalipatikana Jebel Irhoud, Moroko, na yana kama miaka 300,000: uso mfupi unaofanana na wetu, ila fuvu kwa nyuma bado refu na la chini.

Mkipata nafasi ya ziara, fuvu halisi la Zinjanthropus limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyayo za mwanzo za Laetoli zenyewe zimefukiwa ili mizizi na mvua visiziharibu, kwa hiyo wapeleke makumbusho ya Olduvai, kuna nakala yake. Na waje na rula.