Mkuu, mama yako asishuke ukingo wa Newala

Usimshushe. Mengine yatafuata, lakini hilo lisome kwanza.

Umeandika kwamba mnakuja na mama wa miaka 66, mtoto wa miaka 7 na mdogo wako anayetembelea gongo. Mnataka matembezi mepesi ya vilima na misitu ya huku kusini ambayo kila mmoja wenu atayaweza, mwezi wa pili au wa saba, na umeulizia Newala, Rondo na Masasi. Vizuri. Ila pale ulipoandika "tumeambiwa Shimo la Mungu, pale ukingoni Newala, mnashuka bondeni na kurudi ndani ya saa moja, ni kutembea tu" ndipo moyo uliponilipuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Nyie mliozoea Moshi au Morogoro mnajua mlima: unaanzia chini na nguvu za asubuhi, ukishindwa unageuka. Uwanda wa Makonde ni kinyume. Mji wa Newala wenyewe ndio uko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, halafu ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma. Kwa hiyo matembezi yanaanza kwa kushuka, na asubuhi kila mtu anashuka, watoto wanakimbia, wazee wanacheka. Sehemu ngumu inawasubiri mwisho, jua likiwa la utosi na maji yamekwisha. Huwezi kusema "basi, tuishie hapa", kwa sababu gari, chakula na kitanda vyote viko juu.

Mimi nilimpeleka shangazi yangu, miaka 61 wakati huo, mkulima wa korosho kule Tandahimba, mwanamke wa kuamka alfajiri na kushika jembe. Tulikuwa sita, mwezi wa kumi. Jamaa mmoja anayejiita mwongoza wageni alituambia ni saa moja kwenda na kurudi, tena akaongeza, "Hata bibi yangu alikuwa anashuka kuchota maji." Tukabeba lita tatu za maji kwa watu sita. Tuliondoka saa tatu asubuhi.

Kushuka peke yake kulichukua saa moja na nusu. Njia ni mchanga mwekundu juu ya ardhi ngumu, unaukanyaga unateleza, kwa hiyo kila hatua unajizuia kwa goti. Shangazi alianza kushika matawi. Nikamuuliza, akasema yuko sawa. Wazee wetu hawasemi, mkuu, na mama yako hatasema. Atakwambia "twende tu mwanangu" mpaka mguu ukatae.

Mguu ulikataa wakati wa kurudi. Tulikuwa hatujapanda hata robo ya njia alipokaa chini kwenye kona, akavuta gauni, nikaliona goti: limejaa, limeng'aa, limepoteza umbo, kile kifupa cha mbele hakionekani kabisa. Tukamfunga kwa kitenge. Akapanda hatua kama ishirini, kwenye ule mchanga unaokurudisha nusu ya kila hatua, akakaa tena. Maji yalibaki kidole kimoja kwenye chupa, tukamwachia yeye. Na hapo hapo nikasikia adhana ya adhuhuri kutoka mjini juu, sauti safi, kama msikiti uko nyuma ya ule mwembe. Ndicho kilichonivunja nguvu. Kwa sikio tulikuwa tumeshafika. Kwa miguu tulikuwa na siku nzima mbele yetu.

Shangazi akatuangalia wote, akasema, "Mimi nimefika. Nyie nendeni mkalete nyumba hapa."

Tulicheka, halafu binti yangu akaanza kulia.

Waliotuokoa ni vijana wanne waliokuwa wakipanda kutoka mashambani. Walikata miti miwili, tukafunga shuka na vitenge ikawa machela, wakambeba kwa zamu. Tulifika juu saa kumi na moja jioni. Niliwapa elfu themanini na bado naona niliwapunja. Na yule jamaa wa saa moja? Simu yake iliita mara moja, kisha ikawa haipatikani.

Daktari alituambia goti lilikuwa limeshaanza kusagika miaka ya nyuma, na mteremko ndio ulioliamsha. Kwa goti la namna ile, alisema, kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Mimi nilikuwa nahofia kupanda tu. Lakini hasara kubwa ilikuwa shambani. Mwezi wa kumi ndio korosho zinadondoka, na korosho inataka kuinama: uokote kila siku, uibandue kwenye bibo, uianike kabla mvua haijaanza. Shangazi hakuinama msimu ule wote. Tuliweka vibarua, nyingine zikaokotwa na wapita njia, nyingine zikalowa. Mwaka uliotangulia alipeleka ghalani magunia kumi na moja. Mwaka ule, manne. Hizo ndizo ada za shule za wajukuu zake.

Kwa hiyo narudi kwa yule bibi wa kuchota maji, maana bado wanamtumia kuwashawishi watu. Ni kweli, uwanda huu una shida ya maji tangu enzi, mvua inazama kwenye mchanga na chemchemi ziko chini, na mama zetu walishuka na kupanda na ndoo kichwani. Lakini walianza wakiwa wasichana, walitoka gizani na kurudi jua halijakali, na hawakushuka kwa kupenda. Kuifanya taabu yao kuwa tangazo la matembezi mepesi ni kukosa adabu. Na wale mtakaokuja kwenye maoni hapa chini kuniambia "sisi tulishuka na kurudi dakika arobaini", hongereni, mna magoti mazuri, lakini anayeuliza hapa hakuulizia magoti yenu.

Kanuni yangu ni moja: tembea na ukingo, usiukate. Uwanda wa Makonde ni tambarare juu. Pale Newala egesheni gari, fuateni njia za juu kati ya mikorosho na mihogo, mkifika ukingoni mkae kwenye mkeka. Bonde lote liko chini yenu, Ruvuma inaonekana kama uzi, ng'ambo ni Msumbiji. Mama ataona kila kitu ambacho angekiona akishuka, na zaidi. Nendeni jioni jua likilala.

Rondo, uwanda wenye msitu kule Lindi, ni kanuni ile ile. Gari ndilo lipande, nyie mshuke mkiwa tayari juu, mtembee kwenye kivuli cha msitu palipo sawa. Ni hifadhi, kwa hiyo piteni kwanza kwa watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mwambieni mtoto kwamba humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mnyama wa kukaa kiganjani, lakini hutoka usiku, asikasirike asipomwona. Avae suruali ndefu kwa sababu ya upupu.

Masasi ile milima ya mawe itazameni kutoka chini. Pale Mtandi kuna kanisa kuu la Waanglikana, mnatembea kivulini chini ya jabali bila kupanda chochote. Ndanda pia, palipo na abasia, yaani makao ya watawa, ya Wabenediktini, kaeni upande wa chini. Watawaambia njia ya kupanda uwandani ni fupi. Msiwasikilize, huko nako ni kuukata ukingo.

Mwezi wa saba, si wa pili. Mwezi wa pili mvua iko katikati na barabara za udongo zinateleza. Wa saba asubuhi Newala ni baridi, mama abebe sweta.

Na mdogo wako: ncha ya gongo inazama kwenye mchanga wetu mpaka mkono unatetemeka kwa kulichomoa. Kabla hamjaja, nenda kwa fundi viatu akukatie kipande cha tairi upana wa kiganja, akifunge chini ya gongo. Kijana wa jirani yangu anatembelea hivyo kila siku kwenda shambani, na hazami.